Mstari Mwekundu wa Dhahabu: Jinsi Udogo Unavyobadilisha Maada

Mstari mwekundu unaotokea kwenye kipimo cha haraka cha malaria si wino. Ni dhahabu. Ni metali ileile ambayo wachimbaji wadogo wa Macalder, kaunti ya Migori, na wa Rosterman kule Kakamega huitafuta kwa karai na maji, ila hii imegawanywa ikawa vipande vidogo mno hata ikapoteza umanjano wake. Kwenye karai ni ya manjano. Kwenye kipimo kinachotumiwa katika zahanati za Seme au Nyando, kaunti ya Kisumu, ni nyekundu, inakaribia damu ya mzee. Haikutiwa rangi yoyote. Kilichobadilika ni ukubwa, basi.

Hicho ndicho kiini cha fizikia ya nano, na ndicho kinachoeleweka visivyo mara nyingi. Shuleni tunafunzwa kwamba dhahabu ina rangi yake na kiwango chake cha kuyeyuka, kana kwamba sifa hizo huifuata popote iendapo. Kwa kweli hizo ni sifa za dhahabu iliyo nyingi mahali pamoja. Ukishuka chini ya nanomita 100 hivi, ukubwa wenyewe unakuwa mojawapo ya sifa za kitu, na usipoutaja hujasema una kitu gani mkononi.

Nanomita moja ni mita moja iliyogawanywa mara bilioni. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hivi. Seli nyekundu ya damu, ile ambayo kimelea cha malaria hujificha ndani yake, ina upana wa nanomita 7,000 hadi 8,000. Chembe za dhahabu kwenye kipimo huwa na kipenyo cha nanomita 40 hivi, na kila moja ina atomu zinazokaribia milioni 2. Mchimbaji anaweza kuuliza: mbona vumbi laini kabisa linalobaki chini ya karai bado ni la manjano? Kwa sababu vumbi lolote linaloonekana kwa macho bado ni kubwa mno. Punje yenye upana wa unywele ingebidi ipunguzwe kipenyo mara 2,000 ndipo ifike hapo.

Udogo hubadilisha maada kwa njia mbili, na ni vizuri kuzitenganisha kwa sababu watu huzichanganya kila siku.

Ya kwanza ni uso. Chukua gramu moja ya dhahabu iwe tone moja la mviringo. Kipenyo chake kitakuwa milimita 4.6, na uso wake wote haufiki hata sentimita moja ya mraba. Igawanye gramu hiyohiyo iwe chembe za nanomita 40, na jumla ya nyuso zake inakaribia mita 8 za mraba, sakafu ya chumba kidogo cha kulala. Sasa fikiria atomu zenyewe. Ndani ya dhahabu, kila atomu imezungukwa na jirani 12. Iliyo juu kabisa imekosa baadhi yao, kwa hiyo imebaki na nafasi ya kushikana na chochote kitakachopita. Katika chembe ya nanomita 40, atomu za juu ni kama 4 kati ya 100. Katika chembe ya nanomita 3, ni kama 4 kati ya 10. Ndiyo maana dhahabu ya kawaida huyeyuka kwa nyuzi 1,064 za Selsiasi, lakini chembe ya nanomita 2 au 3 huyeyuka mamia ya nyuzi chini ya hapo: karibu nusu ya atomu zake hazijashikwa sawasawa.

Kutoka hapo linazaliwa tatizo ambalo ndilo kazi yenyewe ya teknolojia hii. Atomu zilizokosa majirani huwatafuta. Chembe mbili zikigusana, zinaungana ili kupunguza uso, kama matone ya mafuta juu ya mchuzi yanavyojikusanya yakawa tone moja kubwa. Kuifanya maada iwe ndogo si kazi ngumu sana. Kuifanya ibaki ndogo ndiko kunakomtoa mtu jasho. Atakayelishika hili ataelewa karibu kila hitilafu itakayotajwa hapa chini.

Njia ya pili ni elektroni. Metali ina elektroni zinazotembea huru ndani yake, na mwanga ni wimbi la umeme na sumaku linalozisukuma huku na huku. Aliyewahi kubeba ndoo ya maji kichwani bila kifuniko anajua kinachotokea hatua zake zinapolingana na mwendo wa maji: kila hatua inaongeza msukosuko hadi yanamwagika mabegani. Akibadilisha mwendo kidogo, yanatulia. Elektroni ndani ya chembe ya dhahabu ni kama maji hayo. Zina mdundo wake, na mwanga unaolingana na mdundo huo ni wa kijani, wenye wimbi la nanomita 520 hadi 530 hivi. Mwanga huo unamezwa kwa nguvu. Unaobaki kupita na kulifikia jicho ni wekundu.

Na chembe zikikaribiana sana? Elektroni za moja zinaanza kuvutana na za jirani, mdundo unapungua kasi, na mwanga unaomezwa unahama kutoka kijani kuelekea manjano na nyekundu. Kinachobaki ni buluu au zambarau. Kwa hiyo dhahabu hii hujisemea yenyewe: ikiwa nyekundu, chembe zimetengana, ikigeuka buluu, zimeanza kushikana. Ni nadra kupata kipimo cha ubora cha bei rahisi namna hiyo katika sayansi yoyote.

Mwanasayansi Michael Faraday aliyaona haya London mwaka 1857. Alitengeneza maji mekundu ya dhahabu, akakisia kwamba wekundu huo ni wa chembe ndogo zisizoonekana, tena akagundua kwamba chumvi huyageuza kuwa buluu. Hakuwa na chombo cha kuziona. Hesabu kamili ya rangi ilikuja mwaka 1908, ilipofanywa na Mjerumani Gustav Mie.

Hapa pana jambo la kunyoosha. Watu wengi husema rangi hii ya dhahabu ni ya kikwanta, sawa na ya runinga mpya zenye nukta za kwanta. Si sawa. Nukta za kwanta ni chembe za vipitishi nusu, yaani maada inayopitisha umeme lakini si kwa wepesi wa metali, kwa mfano kadimiamu selenidi, na humo elektroni imebanwa kwenye nafasi finyu kiasi kwamba nishati yake inalazimika kupanda. Nafasi ikiwa finyu zaidi, nishati inapanda zaidi: chembe ya nanomita 2 hivi hutoa mwanga wa buluu, ya nanomita 6 hutoa mwekundu. Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 2023 ilitolewa kwa kazi hiyo, kwa Moungi Bawendi, Louis Brus na Aleksey Yekimov. Dhahabu ya nanomita 40 haihitaji kwanta ili kuelezwa rangi yake. Mawimbi na mdundo vinatosha. Na tukiwa hapo, namba ya nanomita 3 inayotangazwa kwenye chipu za simu ni jina la kizazi cha utengenezaji. Ukipima transista yenyewe, ile swichi ndogo ya umeme ndani ya chipu, sehemu zake nyingi zina upana wa makumi ya nanomita.

Sasa dhahabu nyekundu inapikwaje? Njia inayotumika zaidi ilielezwa na Turkevich na wenzake mwaka 1951, kisha Frens akaonyesha mwaka 1973 namna ya kuchagua ukubwa. Unachukua mililita 50 za maji yaliyokenekwa, yenye miligramu 5 za kloridi ya dhahabu, na kuyachemsha hadi yatokote sawasawa huku yakikorogwa. Rangi ni manjano hafifu. Kisha unamimina kwa mkupuo mmoja nusu mililita ya sitrati ya sodiamu, chumvi ya asidi ya ndimu, ya asilimia 1. Manjano yanapotea. Baada ya nusu dakika hivi inatokea rangi ya kijivu au buluu iliyofifia, halafu zambarau, na ndani ya dakika chache wekundu unatulia. Hizo ni chembe za nanomita 40 hivi, kama bilioni 80 katika kila mililita. Ukitia sitrati mililita 1 badala ya nusu, unapata nanomita 16. Sitrati zaidi, chembe ndogo zaidi: ndiyo inayoondoa dhahabu kwenye myeyusho na ndiyo inayozivika chembe chaji hasi ili zisukumane, na ikiwa nyingi inatosha kuvika uso mkubwa zaidi.

Mwinuko haumzuii mtu. Maji Kisumu, mita 1,131 juu ya bahari, huchemka kwa nyuzi 96 hivi, na Nakuru kwa nyuzi 94. Mmenyuko unaendelea vilevile. Kinachoharibu ni uchafu. Chupa ioshwe kwa mchanganyiko wa asidi ya haidrokloriki sehemu 3 na asidi ya nitriki sehemu 1, ndani ya kabati la kufyonza moshi, mtu akiwa na glavu na miwani, kisha isuuzwe mara nyingi. Punje ya uchafu iliyoganda ukutani huwa mahali pa dhahabu kujijengea, na badala ya chembe zinazolingana unapata ukungu wa zambarau na utando unaong'aa kwenye kioo. Kijiko cha chuma kisiguse kloridi ya dhahabu, maana chuma huigeuza dhahabu kuwa metali papo hapo. Maji ya bomba hayafai kabisa: madini yake huondoa nguvu ya chaji zile na chembe hukusanyika.

Ili dhahabu hii iwe kipimo, lazima ivikwe kingamwili, yaani protini inayotambua kitu kimoja tu. Kwa kimelea cha Plasmodium falciparum, kitu hicho mara nyingi ni protini iitwayo HRP2, ambayo kimelea huimwaga kwenye damu. Kiasi cha kingamwili cha kutia hutafutwa kwa njia rahisi. Unapanga mirija kadhaa yenye maji mekundu, kila mmoja unautia kingamwili zaidi ya uliotangulia, kisha yote unaitilia chumvi ya asilimia 10. Ambamo kingamwili hazikutosha, chembe zinashikana na mrija unageuka buluu. Mrija wa kwanza uliobaki mwekundu ndio unaokuonyesha kiwango cha chini kabisa. Watengenezaji huongeza kidogo juu yake, kisha huziba nafasi zilizobaki kwa protini ya albumini ya ng'ombe. Bila vazi hilo, damu, ambayo ina chumvi, ingeigeuza dhahabu yote buluu kabla haijasogea hata milimita.

Mbona nanomita 40? Chembe ndogo zaidi humeza mwanga kidogo sana, na mstari unakuwa hafifu. Kubwa zaidi huzama na hukwama kwenye vitundu vya karatasi.

Fungua kasha la plastiki la kipimo na utaona vipande vinne vimepandana pembezoni. Kwanza ni kitambaa kinachopokea damu na dawa ya kusukumia (majimaji yanayoisukuma damu kwenye karatasi), kisha kitambaa kilichokaushiwa dhahabu yenye kingamwili, kisha karatasi nyeupe ya nitroselulosi, na mwishoni sifongo la kunyonya linalovuta vyote kuelekea kwake. Kwenye karatasi nyeupe kuna mistari miwili isiyoonekana. Ule wa kipimo una kingamwili za HRP2 zilizogandishwa hapo. Damu ikiwa na HRP2, protini hiyo inashikwa na dhahabu upande mmoja na mstari upande wa pili. Dhahabu inarundikana na wekundu unatokea. Mstari wa udhibiti una kingamwili zinazoshika zile kingamwili za dhahabu zenyewe, malaria iwepo isiwepo.

Hapo kuna kosa ambalo hata wahudumu wazoefu hulifanya. Mstari wa udhibiti unathibitisha kwamba dhahabu ilisafiri na bado inafanya kazi. Hauthibitishi kwamba damu ilitiwa ya kutosha. Ukitia dawa ya kusukumia peke yake, mstari huo utatokea vilevile. Kwa hiyo mikrolita 5 za damu ni mikrolita 5: kifaa cha kunyonyea kijae hadi alama yake, kiguse kitambaa, kiachie chote. Damu ikizidi, karatasi nzima inakuwa nyekundu na mstari hafifu unamezwa. Matone ya dawa yawe kama maelezo ya kipimo hicho yanavyosema, na itumike dawa iliyokuja na pakiti hiyohiyo. Maji ya kawaida hayana chumvi wala sabuni iliyopimwa ili kuachia dhahabu kwa mwendo unaofaa, na yanaweza kuleta mstari wa uongo. Vipimo vingi husomwa baada ya dakika 15 au 20. Kikiachwa hadi jioni, karatasi inakauka, maji yanarudi nyuma, na kivuli cha mstari kinaweza kutokea kwa mtu asiye na malaria. Mstari hafifu uliotokea kwa wakati wake ni mstari; mgonjwa ana HRP2.

Pakiti ifunguliwe mgonjwa akiwa amekaa. Unyevu wa hewa ya ziwani huingia kwenye karatasi na mwendo wa maji ukabadilika; kile kifuko kidogo cha kukausha unyevu kimewekwa humo kwa sababu hiyo. Joto ni adui mwingine. Sanduku likiachwa mchana kutwa chini ya bati au kwenye kikapu cha pikipiki juani Ahero, dhahabu haitaharibika, lakini kingamwili, ambazo ni protini, zitaharibika. Na HRP2 hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, hivyo kipimo chekundu baada ya dozi iliyomalizwa hakitoshi kusema dawa imeshindwa. Hapo hadubini ndiyo yenye jibu. Upande wa pili, kuna vimelea vilivyopoteza jeni ya HRP2, vimeripotiwa hata kwa jirani yetu Ethiopia, na Eritrea, na hivyo vitapita bila kuonekana.

Kutoka dhahabu twende kwa fedha, ile metali nyeupe, kwa ufupi. Vyungu vya kuchujia maji hufinyangwa kwa udongo uliochanganywa na makapi ya mpunga au unga wa mbao. Kwenye tanuri makapi yanaungua na kuacha vitundu vya mikromita moja (nanomita 1,000) au zaidi kidogo. Kisha chungu hupakwa chembe za fedha. Bakteria wengi hukwama vitunduni, na wanaoendelea hukutana na ayoni za fedha, yaani atomu zenye chaji, zinazotoka kwenye uso wa chembe na kushika protini zao. Chungu kizuri hutoa lita 1 hadi 3 kwa saa. Kikitoa zaidi sana, kimepasuka mahali, hata kama ufa hauonekani, na kitupwe. Kikipunguza mwendo, ni tope. Maji ya mto Nyando wakati wa mvua yaachwe yatulie kwanza, na chungu kisuguliwe kwa brashi laini bila sabuni. Virusi vingi ni vidogo kuliko vitundu hivyo, vingine nanomita 30 tu, kwa hiyo chungu peke yake hakitoshi kuzuia kuhara kunakoletwa na virusi.

Nakuru, tatizo ni lingine na uso ndio unaolitatua. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa huachia floraidi kwenye maji ya visima, na visima vingi hupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani halitaki kipitwe. Meno ya watoto hupata madoa ya kahawia, na kiwango kikiwa juu zaidi kwa miaka mingi mifupa nayo huumia. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua, floraidi inabaki, na unakunywa iliyokolea zaidi. Klorini haisaidii pia. Kinachosaidia ni makaa ya mifupa ya ng'ombe, na Kanisa Katoliki jimbo la Nakuru limefanya kazi hiyo kwa miaka mingi.

Mfupa umejengwa kwa fuwele za haidroksiapataiti, madini ya kalsiamu na fosfati, vibamba vyenye urefu wa makumi ya nanomita na unene wa nanomita chache tu. Floraidi hupenda kukaa humo, na hiyohiyo ndiyo sababu huingia kwenye meno. Ukichoma mfupa kwa hewa kidogo, kwa nyuzi 400 hadi 500, mafuta na nyama vinaondoka na vibamba vinabaki vimefunguka. Gramu moja ya makaa mazuri huwa na uso wa mita za mraba zinazokaribia 100; konzi moja ya gramu 50 inakupa mita 5,000.

Tanuri likipita nyuzi 600, vibamba vinafanya kile ambacho chembe zote ndogo hutaka kufanya: vinaungana. Uzito wa makaa ni uleule, kemia yake karibu ileile, lakini uso umeporomoka na floraidi haina pa kukaa. Rangi humwonya mchomaji. Nyeusi au kijivu kilichokolea ni sawa. Nyeupe kama chokaa ni moto uliozidi au hewa iliyoingia mno. Moto ukipungua, mabaki ya mafuta hukaa kwenye mfupa, maji yakanuka na yakawa na ladha ambayo hakuna atakayeikubali mezani. Makaa husagwa yawe punje za nusu milimita hadi milimita 2, huoshwa hadi maji yatoke safi, kisha hujazwa kwenye ndoo. Punje zikiwa unga, maji hayapiti. Zikiwa kubwa, yanapita kabla floraidi haijafika ndani.

Uso huo una mwisho wake. Tuchukue mfano wa ndoo yenye kilo 10 za makaa yanayoshika miligramu 2 kwa kila gramu: jumla ni miligramu 20,000. Maji ya kisima yakiwa na miligramu 5 kwa lita, nawe unayashusha hadi 0.5, kila lita inaacha 4.5, na ndoo imejaa baada ya lita 4,400 hivi. Nyumba inayochota lita 40 kwa siku itafika hapo kabla miezi minne haijaisha. Hakuna ladha itakayobadilika, hakuna rangi, hakuna harufu. Ndoo itaendelea kutoa maji maangavu yenye floraidi ileile iliyotoka kisimani. Kwa hiyo andika tarehe ya kujazwa kwenye mfuniko, hesabu madumu, na kuanzia mwezi wa tatu tangu kujazwa peleka chupa ya maji yaliyochujwa ikapimwe floraidi.